Manjanja peke yake si paa

Namna ya kutengeneza paa ya nyumba ya kitambo, ili joto, baridi na vumbi vibaki inje

Ndugu msomaji, inua macho kidogo. Ile paa iko juu ya kichwa chako, nani aliiweka, na mwaka gani? Kama unakaa katika kambi ya kitambo ku Likasi, Kipushi, Kambove, Kolwezi ao Lubumbashi, pengine nyumba yako ni mzee kuliko wewe. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 iliamua kwamba mfanyakazi akae karibu na kazi pamoja na bibi na watoto wake, na kambi za matofali zikaanza kuongezeka. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilichukua ile sosyete, na baadaye tukazoea kuiita Gécamines.

Wakati ule, kama paa ilivuja, baba alienda ku biro ya kambi, jina likaandikwa, mafundi wakakuja. Mwenye nyumba hakujua hata jina la msumari. Lakini ile desturi ilikufa kidogo kidogo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia. Familia mingi zikabaki na nyumba, bila mtu wa kuitengeneza.

Basi siku hizi mzigo wa paa uko juu ya baba na mama. Wanakusanya feza miaka miwili, mitatu. Wanaondoa manjanja ya kutu, wanaweka mapya, wanaziba kila tundu. Majirani wanasifu. Halafu mwezi wa kumi unafika, na watoto hawalali juu ya joto. Mwezi wa sita unafika, na asubuhi matone ya maji yanaanguka ku kitanda, na mvua haiko. Watu wanasema: fundi alitudanganya. Pengine fundi hakudanganya. Aliuza manjanja, na manjanja peke yake si paa.

PAA IKO NA KAZI TATU

Kazi ya kwanza kila mtu anaijua: kuzuia mvua. Kazi ya pili ni kuzuia joto la muchana na baridi ya usiku. Kazi ya tatu watu wanaisahau: paa inapaswa kupumua.

Chukua manjanja ya kutu wakati wa jua kali. Yanaweza kupita digrii 60, mukono hauwezi kukaa pale. Chuma hakizuii joto hata kidogo. Kinalipokea juu na kulitupa chini, sawa vile moto unavyokupiga uso hata kama hauugusi. Kama plafo iko, plafo inapokea ile joto, inakuwa ya moto, na yenyewe inaitupa juu ya kitanda. Kama plafo haiko, ni mtu mwenyewe anapokea. Ndiyo maana hata saa mbili ya usiku nyumba ingali moto.

Sasa angalia ukuta wa pembeni, pale juu unapofanya pembe tatu chini ya manjanja. Katika nyumba mingi za kitambo wajenzi waliacha pale matundu. Hayakuwa ya mapambo. Hewa ya moto inapanda, inatoka pale juu, na hewa ya baridi inaingia kwa chini, kandokando ya paa. Leo watu wengi wanaziba yale matundu kwa sima, juu ya popo na panya. Popo wametoka, ni kweli, lakini joto limefungiwa ndani. Dawa ya popo si sima. Ni waya ya kimia yenye matundu madogo.

«MVUA» YA MWEZI WA SITA

Yale matone ya asubuhi yanatoka wapi? Yanatoka kwetu sisi wenyewe. Mtu anayelala anatoa maji katika pumzi yake usiku kucha. Weka watu sita ndani ya nyumba, ongeza sufuria ya bukari na nguo zilizotandikwa ndani ili zikauke. Ile hewa yenye maji inapanda, inapita katika nyufa za plafo, inagusa manjanja.

Na manjanja ya mwezi wa sita ni baridi sana. Kwetu Katanga tuko juu, Lubumbashi iko karibu metre 1 200 juu ya bahari, na usiku wa kiangazi mawingu hayako. Joto la manjanja linapanda moja kwa moja ku mbingu, na chuma kinakuwa baridi kuliko hata hewa ya inje. Maji ya pumzi yanashikamana pale, sawa vile maji yanavyoshikamana ku chupa iliyotoka ndani ya frigo. Kisha yanaanguka.

Kwa hiyo, kama paa yako «inavuja» wakati mvua haiko, usinunue manjanja mengine. Ziba nyufa za plafo, ili pumzi isipande. Fungua matundu ya hewa juu ya plafo, ili maji kidogo yanayofika pale yakauke. Maji yale yakiachwa, yanaozesha mbao, na ukungu mweusi unatokea ku ukuta. Mtoto mwenye pumu analala pembeni ya ukuta ule.

MBELE YA KUPANDA: MAMBO MAWILI YA HATARI

Jambo la kwanza ni vumbi. Fungua plafo ya nyumba iliyo karibu na fonderi, na mgodi, ao na barabara ya makamyo: utakuta vumbi la miaka makumi. Lile si vumbi la kufagia tu. Mwaka 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao: walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti na metali zingine kwa wingi sana, hata kwa watoto. Basi siku ya kufungua plafo, watoto na mama mwenye mimba waende kwa jamaa. Vyombo vya chakula na magodoro yatoke. Nyunyiza maji, kisha ondoa vumbi likiwa lenye kulowana. Usilifagie likiwa kavu, na usilimwage ku shamba la mboga.

Jambo la pili ni eternite. Ni yale makaratasi mazito ya kijivu, ya sima, mengine yenye mawimbi kama manjanja, mengine ya kunyooka yaliyowekwa ku plafo. Ukiyagonga hayalii kama chuma, na yakivunjika utaona nyuzi nyuzi. Yale ya kitambo mara nyingi yamechanganywa na amyante. Kwa macho peke yake huwezi kuhakikisha, basi uyahesabu yote kuwa ya hatari. Nyuzi za amyante ni ndogo kuliko unywele, zinaingia katika mapafu na hazitoki. Zinaleta kansere ya mapafu na ya ngozi inayoyafunika, na ugonjwa unaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 ao 40. Tangu tarehe 1 Januari 2005 nchi zote za Umoja wa Ulaya zimekataza amyante isiuzwe wala kutumiwa tena.

Usiogope bure, lakini. Eternite nzima, iliyotulia mahali pake, haitupi nyuzi mingi. Hatari inaanza wakati wa kuikata, kuitoboa, kuipiga brosi na kuivunja. Kwa hiyo:

– Kama ni nzima, uiache. Weka plafo na kinga ya joto chini yake.
– Kama inapaswa kutoka, uilowanishe kwa maji, ungoe misumari polepole, ushushe karatasi nzima nzima. Usiitupe chini.
– Kitambaa ku mdomo hakisaidii. Tafuta maski ya FFP2 ao FFP3, ile inayobana uso.
– Nguo za kazi zisiingie ndani ya nyumba, wala kuoshwa pamoja na nguo za mtoto.
– Usisage vipande ili kufukia mashimo ya lupango ao ya njia. Uvifunge katika plastiki mbili, na uulize komini mahali pa kuvizika.
– Usikanyage eternite. Inaonekana ngumu, lakini inavunjika ghafula. Weka mbao ndefu, na ukanyage juu ya mbao.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Wewe pia, funga fundi wako kwa kamba. Kijana wa watu ni wa bei kuliko manjanja.

KUCHAGUA MANJANJA

Ku soko utasikia «BG». Hesabu yake inaenda kinyume: namba ikipanda, manjanja yanapungua unene. BG 28 iko na unene wa karibu milimita 0,4. BG 32 iko na karibu milimita 0,25. Ile ya BG 32 ni ya bei ya chini, lakini upepo wa mwezi wa kumi na moja unaikunja, na kutu inaimaliza mbio. Katika miji yetu, moshi wa sulfure wa kuyeyusha shaba unakula ile zinki inayofunika chuma. Kama feza haitoshi kwa BG 28 nyumba nzima, afazali kuanza na upande mmoja.

Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, si katika bonde, kwa sababu maji yanatembea katika bonde. Manjanja ya juu yafunike ya chini kwa sentimita 15 mpaka 20.

Tena neno moja kwa watu wa inchi ya shaba: usifunge manjanja kwa waya ya shaba, na usiache maji yaliyopita ku shaba yaanguke juu ya manjanja. Shaba na zinki zikikutana ndani ya maji, zinki inaliwa. Waya iliyookotwa bure inaweza kuharibu paa ya feza mingi.

Ukipata rangi nyeupe ya chuma, paka upande wa juu. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua mbele haijawa joto. Katika kazi zote nitakazotaja, hiyo ni moja ya zile za bei ya chini.

KINGA YA JOTO

Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani ya vitu vyepesi. Angalia vitu ambavyo familia inaweza kupata.

Frigolite. Ni ile nyeupe inayofunika frigo na televizyo mpya ndani ya karto. Inazuia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko chuma cha unene ule ule. Sentimita 5 zinaleta faida kubwa. Lakini inawaka, na moshi wake ni sumu. Isibaki wazi ndani ya chumba: ifunikwe na plafo. Nyuzi za kura zisilale juu yake wala ndani yake, kwa sababu inaharibu plastiki ya nyuzi, tena nyuzi zinapata moto. Katika nyumba ya kitambo, mwite kwanza fundi wa kura aangalie nyuzi zote mbele plafo haijafungwa.

Maranda ya seremala. Maseremala wengi wanayatupa. Yanafanya kazi nusu ya frigolite, kwa hiyo weka sentimita 10. Yawe makavu kabisa, uyachanganye na chokaa kidogo juu ya wadudu. Yakilowana ni bure, na yanaita mchwa. Nayo yanawaka pia: yasikaribie nyuzi za kura wala bomba la moshi.

Karatasi ya aliminyumu yenye kungaa. Hiyo haizuii joto kwa unene, inakataa kulitupa: inatoa karibu sehemu 5 tu kati ya 100 za joto ambalo kitu cheusi kingetoa. Lakini inataka nafasi ya hewa ya sentimita mbili ao tatu mbele yake, na inataka usafi. Kwa hiyo uweke upande wa kungaa ukiangalia chini, vumbi lisikae juu yake.

Kinga yoyote utakayochagua, usiibandike ku manjanja. Uilaze juu ya plafo, na uache hewa ipite kati yake na manjanja. Tena ifike mpaka ku ukuta. Ukiacha mukono mmoja bila kinga kuzunguka chumba, joto litapita pale pale.

NYUMBA YENYE LUKARNE

Lukarne ni kile kidirisha kinachosimama juu ya paa, chenye paa yake ndogo. Kama nyumba yako iko nayo, ujue kwamba pale ndipo paa ni zaifu kuliko mahali pengine pote. Mafundi wengi wanabadilisha manjanja ya paa kubwa na kuacha lukarne vile ilivyo. Kisha chumba cha juu kinabaki tanuru mwezi wa kumi, na friji mwezi wa sita.

Angalia mahali patatu. Kwanza mashavu, yaani kuta zake mbili za pembeni. Mara nyingi ni mbao nyembamba tu na kipande cha zinki inje. Fungua kwa ndani, weka kinga kati ya mbao, ufunge tena. Pili, kipaa chake. Kwa kuwa ni kifupi, fundi anasema hakihitaji kinga, na jua linakipiga sawa na paa kubwa. Kinga pale, na nafasi ya hewa juu yake, kama pengine. Tatu, mapatano, pale lukarne inapokutana na paa kubwa. Ile zinki iliyokunjwa pale inapaswa kuingia chini ya manjanja ya juu na kutoka juu ya manjanja ya chini. Sima na goudron peke yake havidumu: chuma kinanyooka muchana na kujikunja usiku, na ufa unafunguka tena. Na kinga ya mashavu ishikamane na kinga ya paa kubwa bila kuacha nafasi. Kama nafaka inavyotoka ku kitundu kidogo cha gunia, ndivyo joto linavyotafuta pale ulipoacha wazi.

NYUMBA ILIYOFUNGWA NA MBABULA

Hili nakuomba ulisome mara mbili, na umsomee yule asiyejua kusoma. Nyumba ya kitambo yenye nyufa ilikuwa baridi, lakini hewa iliingia. Ukiziba plafo vizuri, hewa inapungua. Halafu usiku wa baridi mtu anaingiza mbabula ya makala chumbani ili watoto wapate joto. Makala yanatoa gaze isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, usingizi unamshika, na haamki tena. Makala yenye kuwaka vizuri bila moshi yanaua vilevile.

Mbabula haiingii ndani ya nyumba wakati wa kulala, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Na matundu ya hewa ya jikoni usiyazibe kamwe. Tunaziba plafo ili kuchunga joto. Hatuzibi pumzi ya watu.

FEZA HAITOSHI. TUANZE WAPI?

Kwanza, mjue nyumba ni ya nani. Kama karatasi haziko wazi, ao kama kuna ndugu wengine katika uriti, mukae kwanza pamoja. Katika inchi yetu, haki ya mtu ku lupango inaonyeshwa na «certificat d'enregistrement», kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Kuna familia zilizoweka paa mpya, kisha wakatolewa.

Kama mambo ya nyumba yako wazi, fuata mpango huu, kazi moja kwa wakati wake:

1. Mwezi wa tano, wakati mvua imekwisha, panda ndani ya plafo. Choma kila mbao kwa kisu. Kisu kikiingia kama katika siagi, mchwa ao maji yamekwisha kula. Mbao zile zibadilishwe kwanza. Manjanja mapya juu ya mbao iliyooza ni hasara mara mbili.
2. Fungua matundu ya hewa, weka waya ya kimia. Kazi hii inataka feza kidogo sana.
3. Ziba nyufa za plafo. Kama feza ni ya chumba kimoja tu, uanze na chumba cha watoto.
4. Laza kinga juu ya chumba kile. Vyumba vingine vitafuata mwaka kesho.
5. Badilisha manjanja yale yaliyotoboka, na upake rangi nyeupe upande unaopigwa na jua la saa nane.
6. Mwisho wa mwezi wa tisa kazi yote ya juu iwe imekwisha. Mvua za kwanza hazingoji fundi.

Baba, usifanye mpango huu peke yako. Mama ndiye anajua ni kitanda gani matone yanaangukia, na ni mtoto gani anakohoa usiku. Mumuulize. Na vijana wa nyumba wapande pamoja na fundi, waangalie, washike kazi. Sosyete haitarudi kuandika majina ku biro ya kambi. Lakini kijana aliyejifunza kuweka kinga katika paa ya baba yake, kesho anaweza kuweka ya jirani, na kulipwa.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa paa tunaongeza neno: ziba ule unaopaswa kuzibwa, na ule ulioachwa juu ya hewa, uuache wazi.